Uchambuzi wa kisa: wiki tisa za kuandaa timu ya biolojia, Tanga

Mazingira

Shule ni ya serikali, iko Tanga mjini, na ina kidato cha tano na cha sita vyenye tahasusi za PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia). Majina ya shule, ya wanafunzi na ya shindano lenyewe yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Timu ilikuwa ya wanafunzi wanne wa kidato cha tano, wasichana wawili na wavulana wawili, waliochaguliwa kwa alama za mtihani wa muhula. Msimamizi alikuwa mwalimu wa biolojia, akisaidiwa na fundi sanifu wa maabara. Mwalimu wa hisabati aliingia baadaye.

Shindano lilikuwa na karatasi moja ya nadharia na vituo vitatu vya vitendo, dakika 40 kila kituo. Waandaaji waliiga mtindo wa Olimpiadi ya Kimataifa ya Biolojia, ile iliyoanzia Olomouc, Chekoslovakia, mwaka 1990. Katika mtindo huo kila swali hubeba kauli nne, na mtahiniwa huamua kila kauli kama ni kweli au si kweli. Ukipatia zote nne unapata alama 1; tatu, 0.6; mbili, 0.2; chini ya hapo hupati kitu. Mgawanyo wa mada nao ulifuata ule wa kimataifa uliozoeleka: wanyama asilimia 25, seli 20, jenetiki na mageuzi 20, mimea 15, ekolojia 10, tabia za wanyama 5, uainishaji 5. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kama mitihani ya sayansi ya sekondari.

Vifaa havikuwa vingi: hadubini sita, mbili kati yake zikionyesha vizuri, mizania moja yenye usahihi wa gramu 0.1, testitubu, bika na sirinji za kutosha, ayodini ya kupimia wanga, kimiminika cha Benedikti cha kupimia sukari, na vipimajoto vitatu. Wiki nne kati ya zile tisa ziliangukia Ramadhani, na watatu kati ya wanafunzi wanne walikuwa wanafunga.

Wiki mbili za mwanzo

Timu ilianza kama wanavyoanza wengi: kusoma. Kila mmoja aligawiwa sura za kitabu kikubwa cha biolojia ya chuo, akaandika muhtasari, akawasomea wenzake. Daftari zilijaa. Mwisho wa wiki ya pili mwalimu aliwapa jaribio la maswali 40 ya kauli nne nne, likiwa na majedwali na grafu, na matokeo yakawashangaza wote. Wanafunzi waliozoea A darasani hawakufika hata nusu ya alama.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ulioibeba kazi yote iliyofuata. Badala ya kusahihisha na kurudi kwenye vitabu, mwalimu alifungua daftari la makosa. Kila kauli iliyokosewa iliandikwa, na mbele yake ikawekwa herufi moja: J kwa aliyekuwa hajui, S kwa aliyejua jambo lakini hakusoma vizuri takwimu au swali, W kwa aliyeacha wazi. Waliokosea ndio walioandika herufi hizo wenyewe, baada ya kujadiliana.

S na W kwa pamoja zilizidi J. Wanafunzi hawa walijua biolojia ya kutosha. Walichokosa ni mazoea ya kutazama ushahidi ulio mbele yao na kuuamini kuliko kumbukumbu. Karibu uamuzi wote uliofuata, mzuri na mbaya, ulitokana na kugundua hilo.

Kauli zilizoachwa wazi

Tatizo la W lilimalizika kwa kipindi kimoja. Wanafunzi waliogopa kukisia kwa sababu walidhani jibu baya linakatwa alama. Katika mfumo huu halikatwi. Mwalimu aliwafanyia hesabu ubaoni: anayekisia kauli zote nne bila kujua lolote hupata kwa wastani alama 0.29 hivi. Anayejua mbili na kukisia mbili hupata wastani wa 0.6. Anayejua tatu akaacha ya nne wazi ana 0.6, akiikisia, wastani unapanda hadi 0.8. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeacha kauli.

Tatizo la S lilihitaji muda mrefu zaidi. Kila Jumamosi wanafunzi walitunga maswali yao wenyewe, kwa sharti kwamba angalau kauli moja iweze kujibiwa kwa data pekee na angalau moja iwe na mtego wa kweli wa kibiolojia. Hili hapa ni moja walilolitunga kuhusu mchu (Avicennia marina), mmoja wa mikoko ya pwani yetu:

Kwanza, mizizi yake ya kupumulia huchomoza juu ya tope ikikua kinyume na mvutano wa ardhi. Pili, majani yake hutoa chumvi kwa tezi. Tatu, ili maji yaingie kwenye mizizi, uwezo wa maji ndani ya seli za mizizi ni lazima uwe juu kuliko ule wa maji ya bahari. Nne, mche wake hutoboa tunda na kuning'inia nje mrefu kama fimbo ukiwa bado mtini.

Mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu si kweli: maji hutoka penye uwezo mkubwa kwenda penye uwezo mdogo, na maji ya bahari yana uwezo wa kama megapaskali -2.5, kwa hiyo mzizi ni lazima ushuke chini ya hapo. Ya nne ni sifa ya mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata). Mche wa mchu huota ndani ya tunda bila kulitoboa. Swali dogo, lakini kulitunga kulimlazimisha mwanafunzi ajue mambo manne kwa uhakika. Kusoma muhtasari wa mwenzako hakumlazimishi mtu hivyo.

Mwalimu wa hisabati aliitwa kwa sababu ya kosa moja lililojirudia: kufanya jaribio la kai-mraba, kipimo cha takwimu cha kulinganisha idadi iliyopatikana na iliyotarajiwa, kwa asilimia badala ya idadi halisi. Mfano wake ulikuwa mzuri. Tarajio ni uwiano wa 3:1. Ukipata mimea 84 na 36, tarajio ni 90 na 30, na kai-mraba ni 0.4 + 1.2 = 1.6, chini ya thamani kikomo ya 3.84, kwa hiyo uwiano haukataliwi. Sasa chukua mimea 420 na 180. Asilimia ni zilezile, 70 na 30, lakini tarajio ni 450 na 150, na kai-mraba ni 2 + 6 = 8. Uwiano unakataliwa. Anayetumia asilimia hupata 1.33 katika hali zote mbili, na hataona tofauti hata kidogo.

Maabara

Kuanzia wiki ya tatu nusu ya muda ilihamia maabara. Ramadhani ilipoingia, vipindi vya alasiri vilihamishiwa saa mbili asubuhi siku za Jumamosi, kwa kuwa kumsimamisha aliyefunga mbele ya kichomeo saa tisa mchana ni kumwonea, na tena vipimo vyake havitakuwa sahihi.

Jaribio la kwanza lilikuwa osmosi, yaani kupita kwa maji kwenye utando wa seli, kwa viazi ulaya, na ndilo lililofundisha zaidi ya yote. Maelekezo yalitaka sukari ya molari 1, yaani gramu 342 kwa lita. Wanafunzi walipima gramu 342, wakazimimina kwenye lita moja ya maji, wakakoroga. Kosa hilo halionekani kwa macho. Sukari hiyo peke yake huongeza ujazo kwa zaidi ya sentimita za ujazo 200, kwa hiyo myeyusho ulifika kama lita 1.2 na ukolezi ukawa karibu 0.83. Kila myeyusho uliochujuliwa kutoka huo ulikuwa hafifu kuliko lebo yake, na kiazi kilionekana kuwa na ukolezi mkubwa kuliko uhalisia. Njia sahihi ni kuyeyusha sukari kwenye maji machache, kama nusu lita, kisha kuongeza maji hadi alama ya lita. Kwa shule yenye bajeti ndogo, gramu 34.2 hadi sentimita za ujazo 100 zinatosha kwa kikundi kimoja.

Kosa la pili lilikuwa la mizania. Kipande cha kiazi chenye kipenyo cha sentimita 1 na urefu wa sentimita 3 kina kama gramu 2.5. Mizania inayosoma hadi 0.1 tu inaweza kukosea kwa asilimia 4 kwenye kipande kama hicho, na mabadiliko mengi yanayotafutwa ni ya kiasi hichohicho. Fundi sanifu ndiye aliyependekeza dawa yake: vipande vitano vipimwe kwa pamoja, gramu 12.5 hivi, na kosa linashuka chini ya asilimia 1. Mengine yalikuwa ya mikono: vipande vyote vitoke kwenye kiazi kimoja, ganda lisibaki hata chembe, na kabla ya kupima mara ya pili kila kipande kibingirishwe kwenye karatasi ya kufutia kwa namna moja. Aliyekikamua kipande chake kwa vidole alipata jibu la peke yake.

Jaribio la vimeng'enya liliingia kwenye utata wa Ramadhani. Kawaida shule hutumia mate kama chanzo cha amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, na ni mwanafunzi mmoja tu aliyekuwa hafungi. Kumtegemea yeye peke yake kila wiki hakukuwa haki wala hakukutosha. Suluhisho lilitoka sokoni: kimea cha ulezi, kilekile cha kutengenezea togwa. Kilikaushwa kivulini, hakikukaangwa, maana kimea kilichokaangwa kimeng'enya chake kimekwisha kuharibika. Gramu 5 za unga wake zilikorogwa kwenye sentimita za ujazo 50 za maji baridi kwa dakika 10, kisha kuchujwa kwa kitambaa na baadaye kwa karatasi ya kuchujia.

Hapa palikuwa na mitego miwili, na timu ilinasa kwenye yote kabla ya kuitambua. Maji ya kimea yana wanga wake mwenyewe, kwa hiyo tone la ayodini hugeuka bluu-nyeusi hata kabla hujaongeza wanga wowote. Yaache mezani nusu saa au zaidi, uyapime tena. Kimeng'enya kitakuwa kimeumaliza wanga huo. Mtego wa pili ni kwamba kazi hiyo huacha maltosi, kwa hiyo Benedikti hutoa rangi tangu mwanzo, na hata kwenye testitubu ya kulinganishia yenye kimea kilichochemshwa. Ndiyo maana timu ilipima muda wa kupotea kwa bluu na kuiacha Benedikti pembeni.

Vipimo vya kwanza havikufaa kitu kwa sababu nyingine tena. Vitabu vingi hudhani chumba cha nyuzi 25; maabara hii asubuhi ilikuwa karibu na 30. Kwa sentimita za ujazo 5 za wanga wa asilimia 1 na 1 ya maji ya kimea, bluu ilipotea kabla ya tone la pili. Kimea kilipochujuliwa mara tano, muda ukafika dakika 4 hadi 5, na hapo ndipo tofauti za joto zilipoanza kuonekana. Wanga nao ulipikwa upya kila siku ya jaribio, kwa kuwa kwenye joto la pwani hauchukui muda kuchachuka. Wanga na kimeng'enya vilikaa kwenye maji ya joto husika dakika 5, kila kimoja kwenye testitubu yake, ndipo vikachanganywa. Anayechanganya kwanza na kupasha baadaye huwa anapima joto asilolijua.

Hadubini zilipewa muda mfupi. Wanafunzi walipima upana wa uwanja wa kuonea kwa rula ya milimita chini ya lenzi ndogo, wakapata milimita 4.5 kwenye ukuzaji wa mara 40, wakakokotoa kwamba kwenye mara 100 ni 1.8 na kwenye mara 400 ni 0.45. Seli sita za utando wa kitunguu zikipanga mstari kukata uwanja wa mara 100, kila moja ina urefu wa kama mikromita 300. Walilimudu hilo haraka, na kwa bahati mbaya hadubini ikaishia hapo.

Mikokoni

Timu ilikwenda pia kwenye mikoko nje kidogo ya mji. Tarehe ilichaguliwa kwa mwezi, wakati wa bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, ambapo pwani hii maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kuacha nafasi ya kutosha ya kufanya kazi. Mstari ulivutwa kutoka nchi kavu hadi ukingo wa maji, na kila mita 10 kiliwekwa kiunzi cha mita 5 kwa 5, wakahesabu mikandaa, mikoko, michu na mililana. Michu ilijitokeza ncha zote mbili za mstari, jambo lililowasumbua wanafunzi waliokuwa wamekariri kwamba kila aina ina ukanda wake. Mwalimu hakuwapa jibu. Aliwaambia waandike walichokiona.

Kisha wakakadiria idadi ya konokono wa mikoko kwa kuwatia alama na kuwakamata tena. Walitia alama 40 kwa rangi ya kucha. Siku ya pili wakakamata 50, na 8 kati yao walikuwa na alama. Hesabu ni 40 × 50 ÷ 8 = 250. Jaribio la awali lilikuwa limeharibika kwa kuwa rangi ilipakwa kwenye kombe bichi ikabanduka, na alama zikipotea makadirio hupanda bila sababu. Safari hii kila kombe lilifutwa na kuachwa likauke kwanza, na alama ikawekwa ubavuni chini, isimvutie ndege.

Siku ya shindano na matokeo

Timu ilishika nafasi ya nne. Nadharia ilipanda sana ukilinganisha na jaribio la wiki ya pili, na hakuna kauli iliyoachwa wazi. Vituo vya vitendo ndivyo vilivyotofautiana.

Kituo cha data za ekolojia, chenye makadirio ya idadi na kai-mraba, kiliwapa alama za juu kuliko shule zote. Kituo cha vimeng'enya kilikwenda vizuri mikononi: vipimo safi, testitubu za kulinganishia zipo, muda ulitosha. Lakini mwanafunzi mmoja alichora kilele cha grafu kwenye nyuzi 60 wakati data aliyopewa ilionyesha 40. Alikuwa amezoea kimea, ambacho amilesi yake huvumilia joto kubwa, na kimeng'enya cha siku ile kilikuwa cha aina nyingine.

Kituo cha tatu kiliwaangusha. Kilitaka kukatwa kwa kipande chembamba cha shina, kutiwa rangi, kuchorwa, na kutambuliwa kama shina ni la mmea wa ghala moja au ghala mbili, yaani ambao mbegu yake ina jani-mbegu moja au mawili. Hakuna aliyewahi kushika wembe kwa kazi hiyo. Vipande vyao vilikuwa vinene mno kupitisha mwanga, na dakika 40 ziliisha wakiwa bado wanakata.

Uchambuzi

Daftari la makosa ndilo lililofaa kuliko vyote, na sababu yake ni kwamba lilihamisha muda kwenda zinakopotea alama. Bila hilo wiki saba zilizobaki zingeishia kwenye muhtasari mwingine. Kutunga maswali kulifanya kazi kwa sababu mtungaji hawezi kujificha nyuma ya kauli asiyoielewa.

Lakini daftari hilohilo lina upofu wake, na hapa ndipo mwalimu mwingine anapaswa kuwa macho. Huonyesha makosa ya mambo yaliyojaribiwa tu. Jaribio la wiki ya pili lilikuwa la karatasi, kwa hiyo wembe, rangi na hadubini havikuwa na nafasi ya kuandikiwa kosa. Mimea ina asilimia 15 ya mada, na timu iliihesabu kuwa imeguswa kwa sababu ya viazi, vitunguu na mikoko. Fiziolojia ilikuwa imeguswa kweli. Anatomia haikuguswa. Jaribio fupi la vitendo katika wiki ileile ya pili, hata la saa moja, lingelionyesha pengo hilo mapema.

Kosa la kilele cha grafu lina uzito wa pekee, kwa sababu ni kosa la aina ya S lililorudi kupitia mlango wa maabara. Kimea kilikuwa suluhisho zuri na shule nyingine zinaweza kulitumia, lakini kurudia chanzo kimoja cha kimeng'enya wiki baada ya wiki kuligeuza matokeo yake kuwa kumbukumbu. Ingetosha kubadilisha: wiki moja kimea, nyingine mate ya asiyefunga, nyingine hamira na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, iliyohifadhiwa kwenye chupa ya rangi mbali na dirisha. Kila mara wachore grafu kabla ya kuambiwa ni kimeng'enya gani.

Uteuzi nao una la kujadiliwa. Alama za mtihani wa muhula hupima kumbukumbu na uandishi. Mwanafunzi mmoja wa CBG ambaye hakuchaguliwa alikuwa akimsaidia fundi sanifu kusafisha na kuandaa maabara, na mikono yake ilikuwa tulivu kuliko ya wote wanne. Dakika 30 za vitendo wakati wa kuchagua zingempa nafasi yake.

Kuhusu kukata vipande vya shina, vinavyohitajika viko tayari kwenye bustani ya shule: shina changa la alizeti kwa ghala mbili, la mhindi kwa ghala moja. Wembe uwe mpya na ulowe maji. Shina lishikwe wima, wembe uvutwe kuja kwako kwa mkupuo mmoja bila kusaga, na ukate vipande 15 au 20 bila kusimama kuvitazama. Viweke kwenye maji kwenye sahani ndogo, uchague kwa brashi laini vile vinavyokaribia kutoonekana. Kipande kisichokamilika lakini chembamba kinafaa kuliko cha mviringo kamili kilicho kinene. Tia safranini, rangi nyekundu ya maabara, kwa dakika 2 hadi 3, kisha suuza kwa maji, na mishipa ya zailemu, ile ya kupitishia maji, itatokea nyekundu. Ikijipanga kwa duara moja, ni ghala mbili. Ikitawanyika shina zima, ni ghala moja.